Kurudisha Umeme wa Asili kwenye Trekta la Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Trekta kongwe likiokotwa kwenye kona lilikosahauliwa, injini yake mara nyingi husamehe. Umeme ndio hausamehi. Waya umeungwa kwa utepe, swichi ya taa ya nyumbani imetobolewa kwenye dashibodi, dainamo ipo lakini haijaunganishwa na kitu. Mikono kumi imepita hapo, kila mmoja na haraka yake. Majibu haya ni kwa mwenye trekta anayetaka kuondoa haraka zote hizo na kurudi pale kiwanda kilipoanzia.

“Umeme wa asili” ni nini hasa?

Ni vitu vinne: volti zilezile, upande uleule wa betri uliofungwa kwenye bodi, dainamo yenye katauti yake (swichi inayozuia umeme wa betri kurudi kwenye dainamo) au regyuleta (inayopima kiasi cha chaji) badala ya alteneta ya kisasa, na njia zilezile za waya. Rangi ya utepe na umbo la skrubu ni mambo ya wanaoshindania zawadi kwenye maonyesho. Ninaposema bodi namaanisha chuma chote cha trekta, ambacho ndicho waya wa kurudia wa karibu kila kitu.

Si ingekuwa rahisi kufunga alteneta na betri ya volti 12 nikamaliza?

Rahisi, ndiyo. Kama trekta linalima kila siku na lina taa nyingi za kazi, sitakulaumu. Lakini wengi hubadilisha kwa sababu wameambiwa volti 6 ni dhaifu, na hilo si kweli. Matrekta hayo yaliwashwa asubuhi za baridi kwa volti 6 miaka mingi. Kilichodhoofika ni maungio yaliyoota kutu na nyaya nyembamba zilizowekwa na aliyetangulia. Ukibadilisha kwenda 12 bila kusafisha maungio, umefunika ugonjwa tu.

Isitoshe, kubadilisha nako kunataka kazi: koili nyingine ya moto wa plagi au rezista ya kupunguza umeme, balbu zote mpya, geji zenye kizuizi chake, na stata ya volti 6 inayopigwa na nguvu maradufu kila unapowasha. Ukijumlisha, kurudisha asili si kazi kubwa kuliko hiyo.

Nitajuaje lilitoka kiwandani na volti ngapi?

Usiiamini betri uliyoikuta. Soma kibati kilichopigwa kwenye dainamo na stata, maana hivyo havibadilishwi ovyo. Trekta lenye betri ya 12 na stata iliyoandikwa 6 limeshakusimulia historia yake. Angalia na kitako cha betri kama kina ukubwa wa betri uliyonayo au kimekatwa na kuongezwa vyuma.

Ford 9N ya 1939, 2N iliyofuata 1942 na 8N ya 1947 hadi 1952 zote ni volti 6, chanya kwenye bodi. Farmall H na M zilizoanza 1939 ni hivyohivyo pale zilipofungwa stata. Ferguson TE20, iliyotengenezwa kuanzia 1946 hadi 1956, ilianza na volti 6 kisha ikahamia 12, kwa hiyo kwake kibati ni lazima kisomwe. Matrekta makubwa ya dizeli wakati mwingine yana mambo yake: John Deere 4020 za dizeli za miaka ya mwanzo zilikuwa na volti 24 kutoka betri mbili, na stata yake haitumii bodi kama njia ya kurudia. Hiyo usiiguse kwa mazoea ya trekta dogo; tafuta mchoro wake kwanza.

Chanya imefungwa kwenye bodi. Kuna mtu alikosea?

Hapana. Upande ulioshikishwa kwenye bodi ulikuwa uamuzi wa mtengenezaji, na kwa miongo kadhaa wengi, hasa Uingereza na Marekani, walichagua chanya. Umeme hauna shida na hilo. Anayepata shida ni sisi tuliozoea kwamba waya mweusi ndio wa bodi.

Kumbuka kanuni ya kufungua betri isemwavyo kwa usahihi: unaanza kuondoa waya wa bodi, na unaurudisha wa mwisho. Watu husema “anza na hasi” kwa sababu kwenye magari ya leo hasi ndiyo iko kwenye bodi. Kwenye trekta hili ukianza na hasi, spana ikagusa chuma, umepiga shoti juu ya betri inayopumua haidrojeni. Weka alama ya rangi kwenye kitako cha betri ili hata atakayekuja baada yako asikosee.

Nilifunga betri kinyume. Nimeharibu nini?

Pengine kidogo kuliko unavyoogopa. Stata haitazunguka kinyume: sumaku zake ni za waya uliosukwa, si za kudumu, kwa hiyo ukigeuza betri, sumaku na amicha (sehemu inayozunguka) vinageuka pamoja na mzunguko unabaki uleule. Taa hazijali. Amita, geji ya umeme unaoingia na kutoka betri, itasoma kinyume. Moto wa plagi utadhoofika kidogo, kwa sababu cheche huruka kwa urahisi zaidi kutoka ncha ya katikati ya plagi iliyo moto, na ncha hiyo inatakiwa iwe upande wa hasi.

Hatari iko kwenye dainamo na katauti. Dainamo ina kumbukumbu ya sumaku ya upande wa zamani, itazalisha kinyume cha betri, na nukta za katauti (ncha zake zinazogusana) zinaweza kuungua au kung'ang'aniana. Kwa hiyo usiwashe injini. Geuza betri, kisha ikumbushe dainamo upande wake kama ilivyoelezwa hapo chini.

Kama trekta lina redio au kifaa chochote chenye transista kilichoongezwa, hicho pengine ndicho kilichokwenda.

Nianzie wapi?

Ondoa betri, halafu usiondoe kingine chochote siku hiyo. Piga picha. Chora kila waya unatoka wapi unaenda wapi, hata wa ovyo, kwa sababu wa ovyo hukuambia ni tatizo gani mtu alikuwa anakwepa. Waya mpya unaotoka betri moja kwa moja hadi koili unakwambia swichi ya ufunguo imekufa. Waya uliokatwa kwenye dainamo unakwambia katauti ilishawahi kuungua.

Halafu tafuta mchoro wa kitabu cha mhudumu wa trekta hilo hilo, toleo la mwaka huo huo. Michoro ya “karibu sawa” imeshachoma vitu vingi. Mfano mzuri ni Ford 8N: zenye namba za mwanzo zina distribyuta (kigawa moto wa plagi) mbele ya injini na koili ya pembe nne juu yake, kuanzia namba 263844 distribyuta ikahamia ubavuni na koili ikawa ya mviringo. Trekta moja jina moja, lakini platini, ncha za ndani ya distribyuta zinazokata umeme wa koili, za mbele huachana kwa milimita 0.38 na za ubavuni kwa 0.64.

Nyaya za kitambaa bado zinaweza kutumika?

Zikunje kidogo. Ndani ya kitambaa mna mpira, na mpira huo huoza ukawa kama unga wa biskuti. Ukisikia mlio wa kuvunjika, waya huo haufai hata kama kitambaa kinapendeza. Leo hutengenezwa waya wenye koti la plastiki ndani na kitambaa cha kusukwa juu, kwa rangi za zamani, na mimi ndio ninaoutumia. Macho yanaona 1950, usalama ni wa sasa.

Kwenye matrekta yenye vifaa vya Lucas, mtengenezaji wa Uingereza, rangi zina lugha yake: kahawia hutoka betri moja kwa moja, nyeupe hutoka swichi ya kuwashia, kijani huwa umepitia fyuzi baada ya swichi, nyekundu ni taa ndogo, buluu taa kubwa, nyeusi ni bodi. Ukiifuata lugha hiyo, fundi yeyote atasoma kazi yako bila kukupigia simu.

Kuhusu unene, hapa ndipo volti 6 huonewa. Balbu ya wati 36 kwenye volti 12 hunywa ampea 3. Kwenye volti 6 hunywa 6. Umeme mwingi zaidi unataka njia pana zaidi. Kwa taa za volti 6 usishuke chini ya milimita za mraba 3, na kwa waya mkuu wa dainamo kuja amita na betri weka 5 au 6. Nene kupita kiasi haijawahi kuumiza trekta.

Miisho ya nyaya ibane kwa koleo sahihi, kisha ukipenda ongeza lehemu kidogo na funika kwa mpira wa kusinyaa. Lehemu peke yake bila kubana hukatika kwa mtikisiko. Utepe wa umeme usiutumie kabisa. Joto la injini huuyeyusha gundi na baada ya miezi unaning'inia kama ulimi.

Stata inazunguka kivivu ingawa betri ni mpya. Ninunue stata?

Usinunue kitu. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake ni la hesabu ya darasani, na mimi mwenyewe nililijua baada ya kuishusha stata ya Ferguson mara tatu bure. Kosa lilikuwa rangi mpya. Nilikuwa nimelipaka trekta vizuri mno, na waya wa bodi ukawa umekaa juu ya rangi.

Chukulia stata ya volti 6 inavuta ampea 200. Ungio moja chafu lina ukinzani wa omu 0.005, kitu ambacho mita ya kawaida haikioni kabisa. Zidisha: volti 1 nzima imeliwa hapo. Kati ya 6 zimebaki 5, umepoteza sehemu moja ya sita. Sasa kazi ileile kwenye volti 12 ingevuta kama ampea 100, ungio lilelile lingekula volti 0.5 kati ya 12, sehemu moja ya ishirini na nne. Uchafu ni uleule, lakini madhara kwa volti 6 ni mara nne. Siri yote ya “udhaifu” wa volti 6 ni hiyo.

Kwa hiyo pima. Zuia injini isiwake, kwa petroli toa waya wa koili, kwa dizeli funga mafuta. Weka mita kwenye volti ndogo. Ncha moja kwenye nguzo yenyewe ya betri isiyo ya bodi, si kwenye kibano, na nyingine kwenye skrubu ya stata. Mtu azungushe stata. Kile mita inachosoma ndicho kinacholiwa njiani. Fanya vivyo hivyo upande wa pili: nguzo ya bodi ya betri hadi ganda la stata. Kwenye volti 6 nataka kila upande usizidi 0.2 au 0.3. Ukikuta zaidi, sogeza ncha ya mita ungio kwa ungio mpaka usomaji uruke. Hapo ndipo mwizi alipo.

Waya wa betri wenyewe uwe wa milimita za mraba 50, na 70 ni bora. Nyaya zinazouzwa tayari kwa ajili ya magari madogo ya volti 12 mara nyingi ni 16 au 25. Zinaonekana nene kwa sababu ya plastiki tele iliyozifunika. Kata moja uone shaba iliyomo.

Waya wa bodi kwangu hauishii kwenye fremu ya betri. Naupeleka hadi kwenye boliti ya gia boksi karibu na stata, chuma kikwanguliwe mpaka king'ae, kisha nafunika ungio kwa grisi baada ya kukaza, si kabla.

Mita ikionyesha njia zote ni safi na stata bado inalala, sasa ishushe. Kaboni (zinazopeleka umeme kwenye amicha) zilizofupika, bushi zilizolika mpaka amicha inasugua sumaku, komuteta (pete ya vipande vya shaba ambayo kaboni huigusa) nyeusi. Vyote vinatengenezeka na fundi anayesuka mota.

Naweza kuiwasha kwa kugusanisha skrubu za stata kwa bisibisi?

Hapana, hata mara moja. Kwenye Ford za familia ya N kitufe cha kuwashia kimefungamana na gia, hakibonyezeki ipasavyo mpaka gia iwe huru. Kwenye Ferguson TE20 ni fimbo ya gia yenyewe inayosukumwa kwenye alama ya S ndiyo inayoamsha stata. Waliobuni walikuwa na sababu: anayegusanisha kwa bisibisi amesimama mbele ya gurudumu la nyuma. Trekta likiwa kwenye gia, litawaka na kutembea juu yake. Kama kitufe kimekufa, kitengeneze hicho kwanza kabla ya taa wala honi.

Dainamo haichaji. Imekufa?

Mara chache. Anza na mkanda: ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba ushuke kiasi cha sentimita moja na nusu. Kisha fungua mkanda wa chuma wa nyuma kama upo uone kaboni. Zitembee bila kukwama ndani ya nyumba zake. Komuteta ioshwe kwa kitambaa chenye petroli kidogo, na kama ina weusi mgumu, msasa laini sana wa kioo huku unaizungusha. Msasa wa emeri uache, chembe zake hukaa kati ya vipande vya shaba. Mifereji kati ya vipande hivyo inatakiwa iwe chini ya shaba kwa kama milimita 0.8.

Sasa itenganishe na katauti uipime peke yake. Hapa lazima ujue dainamo yako ni ya ukoo gani.

Ukoo wa kwanza, ambao dainamo nyingi za Delco-Remy wa Marekani zimo, sumaku zake hupata umeme ndani na kukamilishwa nje kwa kushikishwa bodi. Ukishikisha kituo cha F (cha sumaku) kwenye bodi na kuzungusha injini taratibu, volti lazima zipande.

Ukoo wa pili, Lucas na dainamo za Ford 8N, sumaku zimeshafungwa bodi kwa ndani, na F ndiyo inayolishwa. Hapo unaunganisha F na D (kituo cha kutolea umeme) kwa kipande cha waya, kisha unapima kutoka hapo hadi bodi. Ongeza mwendo polepole na usiache volti zikimbie: kwa dainamo ya volti 12 sivuki 20, kwa ya 6 sivuki 10. Zikipanda, dainamo ni nzima na kesi imehamia kwenye regyuleta au nyaya. Zikibaki kama volti moja au mbili, sumaku haipati umeme. Zikibaki sifuri kabisa, imesahau sumaku yake au kaboni hazigusi.

Kuna kipimo kingine cha wazee ninachokiamini kuliko mita: toa mkanda, unganisha F na D, lisha kutoka betri upande usio wa bodi. Dainamo nzima itazunguka yenyewe kama mota, polepole na kwa utulivu. (Kwa ukoo wa kwanza F ishikishwe bodi, na umeme uingie kwenye kituo cha kutolea.) Isiyozunguka, ifungue.

Kuikumbusha dainamo sumaku yake hufanywaje?

Chuma cha ndani hubaki na usumaku mdogo, na huo ndio huanzisha uzalishaji. Ukishaifungua dainamo, ukabadilisha betri upande, au ikalala miaka, usumaku huo unaweza kupotea au kugeuka.

Kwa Lucas na Ford: chomoa waya wa F kwenye regyuleta, kisha gusisha waya huo kwenye upande hai wa betri, yaani usio wa bodi, kwa nukta ya sekunde. Ni waya wa upande wa dainamo unaoguswa, si kituo cha regyuleta, la sivyo unaziunguza nukta zake. Kwa ukoo wa Delco-Remy: kipande cha waya kati ya vituo vya BAT na GEN kwenye regyuleta, gusa na uachie. Utaona cheche ndogo na basi. Betri iwe tayari imefungwa upande ulio sahihi, kwa sababu utakachoifundisha dainamo ndicho itakachokikumbuka.

Katauti na regyuleta ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa mara nyingi wamo kwenye sanduku moja. Katauti ni mlango wa umeme: nukta zake huachana injini ikilala ili betri isirudi kuizungusha dainamo, na hugusana volti za dainamo zikiizidi betri, kwa mfumo wa 12 kati ya kama 12.7 na 13.3. Regyuleta ndiyo hupima kiasi.

Matrekta mengine ya mwanzo yana katauti tu. Dainamo zao zina kaboni ya tatu unayoisogeza kwa mkono kuongeza au kupunguza chaji. Farmall waliongeza ujanja kwenye swichi ya taa: ina nafasi nne zenye herufi L, H, D na B. L ni chaji ndogo kupitia kizuizi, H chaji kubwa, D taa hafifu, B taa kali. Wengi huifunga swichi hiyo bila kizuizi chake cha nyuma, kisha wanashangaa betri inachemka. Ukifanya kazi siku nzima bila taa, iache kwenye L.

Ukizima injini na amita ikalala yote upande wa kutoa, nukta za katauti zimeng'ang'aniana. Toa waya wa bodi wa betri mara moja, maana dakika chache zinatosha kupasha nyaya mpaka zivute moshi.

Kuhusu sanduku za kisasa zenye elektroniki zilizofichwa ndani ya ganda la zamani: sina ugomvi nazo, ila hakikisha imeandikwa ni ya chanya kwenye bodi. Ya hasi itakufa kabla hujafunga boneti.

Moto wa plagi ni hafifu.

Platini zikioza au zikipata mafuta, kila kitu kingine kitaonekana kibovu. Zisafishe au weka mpya, weka nafasi kwa kitabu, kisha pitisha karatasi safi katikati yake. Hata platini mpya huja na mafuta ya kuhifadhia.

Koili ya volti 6 isiyo na rezista huwa na ukinzani wa karibu omu 1.5, na ya volti 12 karibu 3. Ukikuta ya 12 kwenye trekta la 6, umepata maelezo ya moto wako hafifu. Ford zenye distribyuta ya mbele zina rezista yao nyuma ya dashibodi. Si takataka; ukiiruka, koili inachemka na platini zinaungua. Kwenye trekta la chanya kwenye bodi, kituo cha koili kinachoenda distribyuta ni kile chenye alama ya +.

Kondensa, kikopo kinacholinda platini zisiungue, hazipimiki vizuri bila kifaa chake. Platini zikiungua buluu haraka, badilisha.

Trekta langu lina magneto, halina koili wala betri. Kuna cha kurudisha?

Kidogo, na ndiyo raha yake. Magneto hujizalishia moto, kama zile H-4 za Farmall. Waya wake mmoja mwembamba kazi yake ni kuzima tu: swichi huushikisha bodi. Ndiyo maana waya huo ukichubuka, trekta halitawaka na utalaumu kabureta wiki nzima. Usipeleke umeme wa betri kwenye waya huo hata kwa kujaribu, utaharibu sumaku. Na ukizungusha kwa hendeli, ukitaka kulinda mkono, kidole gumba kiwe upande mmoja na vingine na uvute kwenda juu.

Taa zangu za volti 6 ni kama mishumaa.

Taa hupata bodi kupitia boliti ya mkono wake, na mkono umepakwa rangi. Mpe kila taa waya wake wa bodi uliofichwa ndani. Kioo cha nyuma ya balbu, kinachorudisha mwanga mbele, kikiwa kimefifia, hakuna balbu itakayokiokoa. Kipelekwe kikang'arishwe upya kwa fedha au alumini.

Fyuzi hazikuwepo. Niongeze?

Ongeza. Hapa ndipo navunja uasili bila aibu. Weka moja ya ampea 30 kwenye waya mkuu baada ya ule wa stata, ndani ya kitako cha betri ambako hakuna mtu ataiona. Koti la mpira lililochubuka juu ya tangi la petroli halijali mwaka wa kutengenezwa.

Betri imelala. Naweza kusukumia kutoka gari?

Ukiwa na gari la volti 12 na trekta la 6, ni kuipiga stata kwa nguvu ambayo meno yake hayakuzoea. Inawezekana kwa sekunde chache taa na swichi zote zikiwa zimezimwa, lakini chaja ndogo ya volti 6 usiku mmoja ni bora. Hata volti zikilingana, gari la leo lina hasi kwenye bodi na trekta lako chanya. Nyaya zikishaungwa, bodi mbili hizo zisigusane hata kwa ncha ya bampa. Hiyo ni shoti ya betri nzima.

Betri ya volti 6 iliyojaa, ikipumzika, husoma karibu 6.3 hadi 6.4. Ikiwa chini ya 6 usiipe kazi, ichaji kwanza.

Nimemaliza kila kitu na injini inanguruma, lakini amita imekaa karibu na sifuri. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Baada ya kuwasha, sindano huruka upande wa kuchaji, kisha hurudi taratibu kadiri betri inavyojazwa kile stata ilichokula. Iache injini kwenye mwendo wa kazi na uwashe taa kubwa: sindano itachovya upande wa kutoa kwa mara moja, halafu ipande ivuke sifuri tena. Isipopanda, rudi kwenye mkanda.

Na ikipanda upande wa kutoa huku taa zikizidi kung'aa, nyaya mbili za nyuma ya amita zimebadilishana. Zibadilishe, ufunge dashibodi.